Kiwanja yenye majina tatu: Stade Tata Raphaël ya Kinshasa

Kila mwaka, tarehe 4 ya mwezi wa kwanza, maofisi yanafungwa na radio inatangaza: leo ni siku ya mashahidi wa uhuru. Sisi tunalala mpaka saa nne, tunamaliza mabakio ya Bonane, basi, siku imepita. Nimefundisha historia ku sekondari miaka kidogo hapa Lubumbashi, na kila mara nilipouliza darasa hii siku ya konje inatoka wapi, jibu lilikuwa moja: «Ni siku watu walikufa ku Léopoldville.» Walikufa juu ya nini? Walikuwa wanatoka wapi? Hapo darasa linanyamaza.

Sehemu kubwa ya wale watu walikuwa wanatoka kuangalia mupira.

Leo nataka tuongelee hiyo kiwanja walitokamo. Iko ingali pale, ku komini ya Kalamu, hatua chache tu na Matonge, katikati ya makelele ya Kinshasa. Inaitwa Stade Tata Raphaël. Mbele ya hapo iliitwa Stade du 20 Mai, na mbele kabisa Stade Roi Baudouin. Ni sawa na mufanyakazi aliyeenda pansio: hajakufa, wanamuita mara moja moja kusaidia kazi, lakini kiti chake kikubwa kimekaliwa na mwingine. Na mimi naona kwamba mutu akijua vizuri habari ya hii kiwanja moja, amekwisha kujua nusu ya historia ya inchi yetu toka 1950 mpaka leo. Wale wanatafuta suje ya travai ya mwisho, wasome mpaka chini.

Tuanze na mutu mwenyewe. Raphaël de la Kethulle de Ryhove alikuwa padri Mubelgiji, wa shirika la Scheut, mutoto wa jamaa ya wakubwa kule Flandre. Alifika Kongo mwaka wa 1917. Kwa jamaa yake angeweza kukaa ofisini na kuandika barua kwa maaskofu. Yeye alipenda masomo, na kisha masomo, michezo. Alifungua masomo ku Léopoldville, akaleta skuti, akapanga mashindano ya mupira ya vijana weusi, akajengesha viwanja na hata pisini ya kuogelea. Timu yenye leo tunaiita Daring Club Motema Pembe inatoka mikononi mwake, mwaka wa 1936. Vita Club, adui yake wa siku zote, ilizaliwa mwaka mmoja mbele. Kwa hiyo ukiona watu wa Kinshasa wanagawanyika mara mbili siku ya derby, kijani na nyeusi upande huu, kijani na nyeupe upande ule, ujue ugomvi ni wa zamani kuliko uhuru.

Watu walimuita Tata Raphaël, ni kusema Baba Raphaël. Lakini tusimufanye malaika. Wamisionere wa wakati ule walikuwa na mahesabu yao: kijana anayekimbia nyuma ya mupira siku ya Mungu kisha misa, hakunywi, hapigani, na zaidi ya yote hafanyi politike. Wakubwa wa koloni waliona ni dawa nzuri. Tutaona mbele namna gani hiyo dawa iligeuka.

Kuna kitu kimoja kinatuhusu sisi wenye diploma hasa. Mwaka wa 1925 huyu padri alisaidia kuanzisha ADAPES, shirika la wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut. Unasoma vizuri: shirika la wale waliomaliza masomo, sawa na letu hili. Walikuwa wanakutana, wanasoma, wanasaidiana kutafuta kazi, wanavaa vizuri. Jean Bolikango alikuwa mukubwa wake. Wakati vyama vya politike vilikuwa vimekatazwa, ni ndani ya mashirika kama haya watu walijifunza kuongoza mukutano, kuandika ripoti, kuhesabu kura, kusimama na kusema mbele ya watu. Mutu asiniambie kwamba mashirika ya wanafunzi wa zamani ni mahali pa kupiga picha tu.

Sasa kiwanja. Ilifunguliwa mwaka wa 1952, kubwa sana kwa wakati ule: magazeti yaliandika nafasi ya watu 70,000. Kwa muji wenye Wazungu walikaa upande mmoja na Weusi upande mwingine, ambako Mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea usiku ku kartie ya Wazungu bila karatasi, kukusanya watu wengi namna hiyo mahali pamoja kulikuwa kitu kipya kabisa. Ilipewa jina la Baudouin, mufalme kijana aliyekuwa amekalia kiti mwaka mmoja tu. Yeye mwenyewe alikuja kutembea Kongo mwaka wa 1955, na watu walijaa kumupokea.

Hapo kuna kichekesho kidogo kwa sisi wa Kiswahili. Safari ile ilimuachia jina Bwana Kitoko, na filamu ya André Cauvin ya mwaka ule inaitwa vile. «Bwana» ni ya kwetu, «kitoko» ni Lingala, ni kusema mwenye uzuri. Lakini inasimuliwa kwamba watu walikuwa wanasema «mwana kitoko», ni kusema mutoto muzuri, kwa kuwa walimuona kijana mudogo mwenye uso laini. Wakubwa wa koloni waliona haifai mufalme kuitwa mutoto, herufi moja ikageuka, mutoto akakuwa bwana. Utawala wote wa Wabelgiji unakaa ndani ya ile herufi.

Padri mwenyewe alikufa mwaka wa 1956. Hakuona yaliyofuata, na pengine ni vizuri kwake.

Mwezi wa sita 1957, timu ya Bruxelles, Union Saint-Gilloise, ilikuja kucheza na wachezaji wa Léopoldville. Muamuzi alikuwa Mubelgiji. Wakongomani waliingiza magoli, muamuzi akayakataa, akisema ofsaidi. Timu ya Wazungu ikashinda. Kwa leo tungesema: muamuzi amekula makuta, tukapiga kelele, tukarudi nyumbani. Lakini fikiria mutu anayeishi kila siku chini ya sheria zenye Muzungu anaandika, Muzungu anasoma, Muzungu anahukumu. Siku moja anakuja mahali ambapo kanuni ni moja kwa wote, kumi na moja kwa kumi na moja, mupira mumoja. Na hata pale filimbi iko mu kinywa cha Muzungu. Watu walitoka kiwanja na hasira, wakapiga mawe magari ya Wazungu, makumi ya watu wakaumia. Ilikuwa mara ya kwanza muji uliona kitu kama hiki kikitoka mu stade. Wakubwa walisema ni vurugu ya mupira. Hawakusoma alama.

Tufike sasa ku 1959.

Inafaa kujua hali ya muji. Kisha vita vya 1945, Léopoldville ilikua haraka sana. Vijana walitoka vijijini kufuata kazi. Halafu mwisho wa miaka ya 1950 bei za bidhaa zilianguka ku soko la dunia, kazi zikapungua, na muji ukajaa vijana wenye kujua kusoma na kuandika bila kazi. Sitaongeza neno hapo. Kila mwenye kusoma hii anajua mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili 1958 Patrice Lumumba alirudi kutoka mukutano wa Accra, na tarehe 28 akasimama mbele ya watu wengi kueleza kile alisikia kule: uhuru, bila kuomba. ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu, hakikutaka kuachwa nyuma mu muji wake chenyewe. Kikaita mukutano wake siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, ku YMCA.

Mukubwa wa muji, Jean Tordeur, alijibu kwamba kama ni mukutano wa politike, inaomba ruhusa. Ruhusa haikuwepo. ABAKO ikaahirisha. Lakini utaambia namna gani maelfu ya watu ambao wamekwisha kufika, bila simu, bila WhatsApp? Kasa-Vubu alikuja akawaambia warudi nyumbani kwa amani. Wengine walianza kwenda. Wengine walikataa. Watu wakaanza kusukumana na polisi.

Ni saa ile ile mechi iliisha ku Stade Roi Baudouin. Vita Club ilikuwa imepigwa na Mikado. Maelfu ya washabiki walitoka na uchungu wa kushindwa, na barabara yao ya kurudi nyumbani ilipita karibu na ile fujo. Makundi mawili yakakutana: watu wa mukutano uliokatazwa, na watu wa mechi iliyopotea. Kama mukutano ungekuwa siku ya kazi, au mechi ingeahirishwa juu ya mvua, pengine ingekuwa habari ya dakika kumi. Siku ile ikakuwa moto wa siku nyingi. Magari yalichomwa, maduka ya Wazungu na ya Wareno yakavunjwa, masomo na makanisa yakapigwa. Force Publique ikaingia na bunduki.

Leta ya Wabelgiji ilihesabu wafu 49, wote Weusi. Watu wa muji walisema mamia, na wanahistoria wengi wanaona hesabu ya serikali ni ndogo. ABAKO ikavunjwa na Kasa-Vubu akatiwa gerezani. Lakini tarehe 13, siku tisa tu kisha ile mechi, mufalme Baudouin, yule mwenye jina lilikuwa limeandikwa ku mulango wa kiwanja, alisema ku radio kwamba Ubelgiji utaongoza Kongo mpaka uhuru. Neno «uhuru» mu kinywa cha mufalme! Mwaka mmoja na nusu kisha, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, ilikuwa imeisha.

Sisemi kwamba mupira ulileta uhuru. Mwalimu wangu wa iniversite angenipiga zero, na angekuwa na haki. Sababu zilikuwa nyingi: kukosa kazi, Accra, ABAKO, maneno ya de Gaulle kule Brazzaville ng'ambo ya mto. Nasema kitu kidogo zaidi: koloni lilikataza watu kukusanyika kwa politike, lakini liliwajengea nyumba ya kukusanyika kwa mupira, na mwisho ikaonekana watu ni wale wale. Padri alitaka vijana wakae mbali na fujo. Ni yeye alikuwa amewafundisha kukaa pamoja.

Tunaendelea. Kisha Mobutu kuchukua utawala mwezi wa kumi na moja 1965, alisimama mbele ya watu ku stade kubwa ya muji akasema: wanapolitike waliharibu inchi miaka mitano, na yeye pia ataomba angalau miaka mitano kuitengeneza, na kwa miaka mitano hakuna kazi ya vyama. Miaka mitano yake, tunajua, ilikuwa thelathini na miwili. Tarehe 20 mwezi wa tano 1967 akaanzisha MPR, na kiwanja ikachukua jina la ile siku: Stade du 20 Mai. Mufalme alitoka ku mulango, chama kikaingia.

Kwa mambo ya mupira, hii njo ilikuwa miaka ya utamu. Mobutu aliwarudisha wachezaji wetu waliokuwa wanacheza Ubelgiji, na timu ya taifa ikapata Kombe la Afrika mwaka wa 1968 kule Addis Ababa. Mazembe yetu, wakati ule Englebert, ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mara mbili kufuatana, 1967 na 1968. (Samahani kwa watu wa Kinshasa, haikuwezekana nipite hapa bila kusema.) Lakini kwa kiwanja ya Kalamu yenyewe, nachagua juma moja tu, juma la mwezi wa kumi na mbili 1973.

Tarehe 9, Léopards waliwapiga Moroko 3 kwa 0 mu Stade du 20 Mai, na Zaïre ikakuwa inchi ya kwanza ya Weusi wa Afrika kusini ya Sahara kwenda ku Kombe la Dunia. Siku saba kisha, tarehe 16, mu kiwanja ile ile, Vita Club waliwapiga Asante Kotoko ya Ghana 3 kwa 0. Mechi ya kwanza kule Kumasi walikuwa wamepoteza 4 kwa 2, kwa hiyo walichukua kombe la Afrika la vilabu. Juma moja! Mu ile timu alikuwamo Ndaye Mulamba, mwenye washabiki walimuita Mutumbula. Watu wa Lubumbashi hawana lazima waelezwe hilo neno. Watoto wetu wote waliogopeshwa nalo ili warudi nyumbani mapema. Miezi mitatu kisha, ku Kombe la Afrika kule Misri, Mutumbula aliingiza magoli tisa peke yake, na hakuna mutu amewahi kuyafikia mu mashindano moja ya lile kombe.

Baba mukubwa wangu alisikiliza zile mechi ku transista, kartie nzima ikiwa imekaa chini ya muembe mumoja. Anasema baada ya goli la tatu hakusikia tena radio, alisikia tu watu. Tena anaongeza, na hapo sauti yake inabadilika, kwamba wiki mbili mbele ya hapo, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, Mobutu alikuwa ametangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zinapewa wenyeji. Watu walikuwa wanaimba juu ya vyote pamoja. Kisha maduka yalibaki matupu, lakini mwezi ule nani alijua?

Na mwaka uliofuata, ngumi. Hii njo sehemu yenye dunia nzima inajua, kwa hiyo nitaenda haraka. Muhammad Ali alikuwa amenyang'anywa taji mwaka wa 1967 kwa kukataa kwenda vita ya Vietnam. George Foreman, kijana wa miaka 25, mwenye nguvu za kutisha, njo alikuwa bingwa. Don King alitafuta mahali penye makuta. Mobutu akakubali, dola milioni 5 kwa kila mumoja. Kiwanja ikatengenezwa upya, mataa yakawekwa, paa likasimamishwa juu ya ringi. Pigano lilikuwa la mwezi wa tisa, lakini Foreman alipasuka karibu na jicho mu mazoezi, likasukumwa mpaka tarehe 30 ya mwezi wa kumi. Tamasha la muziki halikungoja: usiku tatu, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, pamoja na Franco na Tabu Ley wetu, wote mu ile ile kiwanja.

Juu ya nini lilianza saa kumi ya usiku? Juu Wamarekani walitaka kuliona ku televizyo yao saa ya kulala haijafika. Watu wa Kinshasa walikesha. Ali alijiegemeza ku kamba, akaacha Foreman apige, apige, achoke, na mu raundi ya nane akamuangusha. Watu walikuwa wanapaza «Ali, boma ye», ni kusema Ali, muue. Saa kidogo kisha, mvua kubwa ikanyesha, mvua ya ile musimu, kiwanja ikajaa maji. Ingenyesha mbele kidogo, hakuna pigano. Na Mobutu? Hakuwamo. Aliangalia ku televizyo, kwake nyumbani. Mutu aliyejaza stade hakutaka kukaa ndani yake. Hiyo peke yake inasema kitu kuhusu miaka ile.

Wandishi wa kigeni walioandika juu ya ule usiku, hasa Norman Mailer, walileta pia habari nyeusi: kwamba mbele ya wageni kufika, wezi wa muji walikamatwa wakafungwa mu vyumba chini ya ngazi za kiwanja, na wengine wakauawa ili muji utulie. Inasimuliwa hivyo, na Kinshasa ilikuwa na amani ya ajabu miezi ile. Filamu nzuri zilitengenezwa juu ya Ali na juu ya muziki. Juu ya vile vyumba, hakuna.

Sisi wa Katanga tuna swali letu hapo: makuta yalitoka wapi? Inchi ilikuwa inaishi kwanza juu ya shaba ya Gécamines, ni kusema juu ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Mwezi wa ine 1974 bei ya shaba ilikuwa juu kuliko wakati wowote. Mwisho wa mwaka ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Ule usiku wa Ali, kengele ilipolia ku raundi ya kwanza, bei ilikuwa imekwisha kuteremka miezi sita. Karamu ilifanyika wakati chungu kilikuwa kimeanza kupasuka, na Leta halikurudi tena ku hali ile.

Kisha hapo, kiwanja ikazeeka polepole. Wachina wakasaidia kujenga nyingine kubwa zaidi, si mbali, ya watu 80,000. Iliitwa Kamanyola, jina la mahali penu watu wa Kivu, pale njiani kati ya Bukavu na Uvira, kwa kukumbuka vita vya Mobutu juu ya waasi mwaka wa 1964. Ilifunguliwa mwaka wa 1994, na mechi kubwa zote zikahamia kule. Politike pia ikahama: tarehe 29 mwezi wa tano 1997, Laurent-Désiré Kabila aliapishwa mu ile stade mupya. Kwa kiwanja ya Kalamu ambayo ilisikia wakubwa wote toka ukoloni, ilikuwa kama kunyang'anywa kiti mara ya pili.

Mwaka ule majina yakageuka tena. Stade du 20 Mai ikakuwa Stade Tata Raphaël. Kamanyola ikakuwa Stade des Martyrs.

Na hapa naomba tusikilizane, juu hata wenye diploma wanachanganya. Wale «martyrs» wa stade mupya si wafu wa tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959. Ni watu wane, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, ambao Mobutu aliwanyonga mbele ya umati tarehe 2 mwezi wa sita 1966, siku za Pentekoste, akisema walitaka kumupindua. Kimba alikuwa mutu wa kwetu Katanga na alikuwa amepewa kazi ya waziri wa kwanza. Walinyongwa mahali pale pale stade imejengwa. Kwa hiyo Kinshasa ina kiwanja mbili jirani: moja ina jina la mashahidi wa 1966, na ingine, ile wale wa 1959 walitokamo, ina jina la padri. Kitu cha kushangaza: mu kiwanja ya 1959 hakuna jina la 1959. Jina la Baudouin nalo halikupotea. Mwaka wa 1995 Bruxelles walichukua stade yao ya Heysel, ile watu 39 walikufa mwaka wa 1985 siku ya Juventus na Liverpool, wakaitengeneza upya na kuiita Roi Baudouin.

Nilipokaa Kinshasa kwa mafunzo ya kazi, nilienda kuiona mwenyewe. Beton nyeusi ya mvua za miaka mingi, vijana wanakimbia kuzunguka, mama mumoja anauzisha maji ku mulango. Nilimuuliza kijana mumoja anayefanya mazoezi ya ngumi kama anajua Ali alipigana wapi. Akanionyesha katikati, na kidole, bila kusimama kuruka kamba. Nikamuuliza juu ya 1959. Akaniambia: «Yaya, hiyo ni ya Stade des Martyrs.»

Mwaka wa 2023, juu ya Michezo ya Francophonie, kazi ilirudi pale: jimnaze mupya zikajengwa pembeni, mupira ukaanza tena kuchezwa mara kwa mara. Ni vizuri, sikatai. Lakini beton inatengenezwa na makuta, na makuta yanaweza kuja siku yoyote. Masikio ya watu hayangoji. Mutu aliyekuwa na miaka 20 siku ya ile mechi ya Vita na Mikado, alizaliwa mwaka wa 1939. Aliyekuwa mutoto wa miaka 10, mbebaji wa kiti cha baba yake ku stade, alizaliwa mwaka wa 1949. Hao wa pili wangali, ku Kalamu, ku Ngiri-Ngiri, ku Kasa-Vubu ambayo wakati ule iliitwa Dendale. Hata hapa kwetu Lubumbashi mutawapata, wale waliopelekwa huku na kazi ya Leta wakaoa huku.

Kwa wale ku historia, ku sosioloji na ku mawasiliano: simu zenu zote zinarekodi sauti. Kwenda kwa muzee, piga magoti kidogo, umuamkie vizuri, umupelekee kitu cha kunywa, halafu umuulize vitu vidogo vyenye hakuna kitabu kimeandika. Bei ya tiketi ilikuwa ngapi? Mulango gani ulifunguliwa? Nani aliingiza goli la Mikado? Mulipotoka, mulipita avenyi gani, na ni wapi mulisikia risasi ya kwanza? Andika jina la komini, andika saa kama anakumbuka, na usikate maneno yake ili yafanane na kitabu.